PASI MOJA NA KIJIJI KIZIMA: MAELEZO KUHUSU STIMA NDOGO ZA VIJIJINI

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Likizo ya Agosti iliyopita mimi nilikuwa mgeni wa namna nyingine kabisa. Nilikwenda, na wenyeji wakalala gizani. Nataka kukueleza jambo hilo lilivyotokea, na zaidi ya hilo, jinsi stima ndogo ya kijiji inavyofanya kazi. Nimegundua kwamba sisi tunaoishi karibu na soko tunabonyeza swichi kila siku bila kujua ni nani amebeba mzigo upande wa pili wa waya.

Nyanya yangu mzaa mama anaishi katika kijiji kimoja kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mahali pa migomba, kahawa na baridi kali ya alfajiri. Nguzo za stima ya kawaida hazijafika kwake. Mradi wa serikali wa Last Mile, ulioanza mwaka wa 2015, ulilenga nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, na transfoma iliyo karibu na nyanya iko ng'ambo ya mabonde mawili. Hata hivyo, jioni ukiingia kwake utaikuta balbu inawaka sebuleni. Stima hiyo hutoka mtoni. Wanakijiji wenyewe walichanga pesa, wakachimba mfereji na kusimamisha nguzo za miti. Sasa nyumba 60 hutumia stima hiyo, na kila nyumba hulipa shilingi 150 kwa mwezi.

Ijumaa hiyo jioni tulikuwa katika pilkapilka za kujitayarisha kwa harusi ya binamu yangu ambayo ingefanyika kesho yake. Shati langu jeupe lilikuwa limejikunja kama jani la sukumawiki lililokaa juani. Nyanya ana pasi ya makaa, lakini makaa yalikuwa yamenyeshewa. Mimi nilikuwa nimebeba pasi ya stima ya mama kwenye mkoba. Ukutani palikuwa na soketi moja ya kuchajia simu. Nikachomeka pasi.

Sikuwa nimefika kwenye kola taa ilipopepesa mara mbili, ikafifia, kisha ikazima. Nilidhani ni balbu tu. Nilipochungulia dirishani niliona giza totoro kutoka kwetu hadi upande wa pili wa bonde. Redio ya jirani iliyokuwa ikitangaza habari ilikuwa imenyamaza katikati ya sentensi. Kimya kilichofuata kilinitia hofu kuliko kelele. Mara nikasikia watu wakiitana kutoka nyumba hadi nyumba, "Kwenu pia imepotea?" "Imepotea!"

Baada ya muda mfupi fundi wa mtambo alifika akiwa na tochi.

"Hodi hapa! Mama, hamjambo? Kwani ni nani ameweka pasi?"

"Hatujambo, baba. Pasi ya stima mimi sina," nyanya akajibu kwa moyo safi, maana hakuwa ameiona.

Nami nilikuwa nimeisukuma chini ya kitanda. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Harufu ya blanketi kuukuu lililoanza kuungua ilinisaliti kabla sijafungua kinywa.

"Kijana," fundi akasema, "toa hiyo kitu kabla uchome nyumba ya nyanya yako."

Fundi hakukaa kunigombeza. Ilimbidi kuteremka mtoni usiku huo huo, kwenye utelezi, ili kuuanzisha mtambo upya, kazi iliyochukua karibu saa nzima. Huku nyuma binti wa jirani, mtahiniwa wa KCSE, alikuja mlangoni akiwa amekumbata kitabu cha Kemia. Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Stima itarudi saa ngapi?" Niliona haya kuliko kama angenitukana.

MTO UNAVYOGEUKA KUWA STIMA

Jumatatu asubuhi fundi alinipitia. Aliniambia kwamba anayezima mtambo lazima aujue. Tulishuka hadi mtoni, nami nikauona kwa macho yangu. Ewe msomaji, usifikirie bwawa kubwa kama lile la Masinga. Hapa hakuna bwawa. Kuna ukuta mfupi wa mawe na saruji unaoelekeza sehemu ya maji kwenye mfereji, na maji mengine yanaendelea na safari yake. Mfereji unafuata ubavu wa mlima hadi kwenye tangi dogo lenye wavu wa kuzuia majani, vijiti na mchanga. Kutoka kwenye tangi hilo bomba la plastiki linateremka moja kwa moja hadi kibanda kilicho chini bondeni.

Ndani ya kibanda maji hutoka kwenye tundu jembamba kwa kishindo na kupiga gurudumu lenye vikombe vilivyopangwa mzunguko, mfano wa vijiko. Gurudumu hilo ndilo turbini. Linapozunguka, linazungusha jenereta, na jenereta inatoa stima inayopanda kwenye waya hadi nyumbani. Maji yakishamaliza kazi hurudi mtoni, hayajapungua hata tone. Anayenywesha ng'ombe kule chini hapotezi kitu.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana katika Kidato cha Tatu tunasoma kazi na kawi katika somo la Fizikia. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Fundi aliniambia kwamba bombani hupita lita 15 kila sekunde, na kwamba maji huteremka mita 20. Ukizidisha 15 kwa 10, ambayo ni nguvu ya mvutano wa dunia, kisha uzidishe kwa 20, utapata wati 3,000. Lakini bomba linakwaruza maji, gurudumu lina msuguano, nayo jenereta inapata joto. Karibu nusu inapotelea njiani. Zinabaki wati 1,500 hivi. Hiyo ndiyo stima yote ya kijiji. Ukigawa kwa nyumba 60, kila nyumba inapata wati 25, yaani balbu mbili tatu za kuokoa stima na simu moja ya kuchaji.

Na pasi yangu? Fundi aliniambia nisome maandishi yaliyo chini yake. Wati 1,000. Nilishika kichwa. Ili kunyoosha shati moja, nilikuwa nimetaka kuchukua fungu la nyumba 40.

"Na kwa nini taa zote zilizima?" nikauliza. "Si zingefifia tu?"

"Zilianza kufifia," fundi akanijibu. "Lakini jenereta ya aina hii ikizidiwa haivumilii. Inaacha kutoa stima kabisa, hata gurudumu likizunguka. Ni kama punda. Ukimzidishia mzigo hapunguzi mwendo, analala chini."

Kwa kawaida kila nyumba ina kifaa kidogo kinachoikata yenyewe inapopita kipimo, ili kosa la mmoja lisiwaguse wengine. Kifaa cha nyanya kilikuwa kimeharibika mwezi wa Juni na pesa za kununua kingine hazikuwa zimepatikana. Kwa hivyo pale kwa nyanya mtambo ulikuwa ukilindwa na uaminifu tu, nami nikaja kutoka mjini na pasi.

Kuna kitu kingine nilichokiona kibandani ambacho sikukielewa. Kando ya jenereta palikuwa na pipa la maji lenye koili ndani yake, na maji yalikuwa yakifuka mvuke saa nne asubuhi, wala hapakuwa na mtu wa kuoga.

"Mnachemsha maji ya nini?" nikauliza.

"Hatuchemshi. Tunatupa stima," fundi akasema. Kisha akanieleza kinagaubaga. Mchana taa zimezimwa, na watu wako shambani. Lakini mto hauendi likizo. Gurudumu likikosa mzigo litakimbia kama ndama aliyekatika kamba, volti zitapanda na kila kilichochomekwa kitaungua. Ndiyo maana kuna kidhibiti ukutani kinachopeleka kwenye pipa stima yote isiyotumika. Gurudumu linaona mzigo ule ule mchana na usiku.

Nilikaa kimya, nikilitazama lile pipa. Wazo fulani lilinijia, lakini sikulisema siku hiyo.

WENGINE WALIOTUTANGULIA

Kabla sijakueleza hukumu iliyonipata, hebu tutoke kidogo kijijini kwa nyanya. Niliporudi shuleni nilitafuta habari zaidi, nikaona kwamba wati hizo 25 si za kuchekwa.

Katika Kaunti ya Kirinyaga, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kulijengwa mitambo miwili midogo katika vijiji vya Kathamba na Thima. Wa Kathamba ulitumia lita 8.4 za maji kwa sekunde zinazoteremka mita 28, ukatoa kilowati 1.1 kwa nyumba 65. Gawa mwenyewe, utapata wati 17 kwa kila nyumba. Kwa Thima maji yaliteremka mita 18 tu, lakini yalikuwa mengi, lita 28 kwa sekunde, yakatoa kilowati 2.2 kwa nyumba 110. Tena kule Thima hawakutumia turbini hasa, bali pampu ya maji ya kawaida iliyogeuzwa ifanye kazi kinyume. Badala ya stima kusukuma maji, maji yalisukuma stima. Waama, akili ni mali.

Wengine waliamua kutogawana kabisa nyumba kwa nyumba. Huko Mbuiru, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Tharaka-Nithi, wanakijiji wapatao 200 walinunua hisa na kujitolea kuchimba na kubeba mawe katika mradi wa mto Tungu ulioanza mwaka wa 1998, wakisaidiwa na shirika la Practical Action, lililoitwa ITDG wakati huo, pamoja na Wizara ya Kawi. Mtambo wao ulikuwa wa kilowati 18. Badala ya kusambaza taa, walipeleka stima kwenye kituo kimoja cha biashara, mahali pa kuchaji betri, kuchomelea vyuma na kazi nyingine za mikono. Walionelea kwamba stima inayoleta pesa italipia matengenezo yake yenyewe.

Pasipo na mto, jua lipo. Katika kijiji cha Kitonyoni, Kaunti ya Makueni, mwaka wa 2012 paliwekwa paneli za sola za kilowati 13.5 kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza. Paneli zenyewe zilifanywa kuwa paa, hivi kwamba mvua ikinyesha maji yanakingwa na kuhifadhiwa. Serikali nayo, kupitia mradi wa KOSAP ulioidhinishwa mwaka wa 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ililenga kupeleka stima ya jua, zikiwemo gridi ndogo, katika kaunti 14 ambazo watu wake wanaishi mbalimbali, kama vile Turkana, Mandera, Tana River na Kwale.

Huenda mtu akadharau na kusema kwamba hii ni stima ya maskini. Mwambie asome historia. Stima ya Kenya ilianza hivyo hivyo. Mwaka wa 1908 Mombasa ilikuwa na kampuni yake ya stima na Nairobi yake, kila moja ikiangaza mji wake bila kujua habari za mwenzake. Ziliunganishwa kuwa kampuni moja mwaka wa 1922. Gridi ya taifa tunayojivunia ni mtoto wa gridi ndogo.

MAMBO YANAYOZIUA

Hata hivyo, nisikufiche. Stima ndogo nyingi huanza kwa ngoma na vigelegele, na baada ya miaka michache kibanda kinakuwa nyumba ya popo. Sababu zake ni hizi.

Kwanza ni kiangazi. Mto ukipungua, lita 15 zinakuwa lita 8, na stima inapungua vivyo hivyo. Wanaokata miti juu mlimani wanakata stima yao wenyewe.

Pili ni pesa za matengenezo. Wafadhili hupenda kufungua mitambo, lakini beringi ikilika miaka mitatu baadaye hakuna anayekuja kukata utepe. Kijiji kisichoweka akiba ya kila mwezi kitarudi gizani kwa sababu ya kipande cha chuma kinachotosha mfukoni.

Tatu ni bei. Gridi ndogo za makampuni mara nyingi huuza yuniti moja kwa bei ya juu kuliko gridi ya taifa, kwa kuwa gharama yote ya mtambo inagawanywa kwa wateja wachache wanaotumia stima kidogo. Bei zao pamoja na leseni husimamiwa na mamlaka ya EPRA, iliyoundwa chini ya Sheria ya Kawi ya mwaka wa 2019.

Nne ni kufika kwa stima kubwa. Nguzo za taifa zikifika, watu huuhama mtambo wao siku moja, na waliowekeza jasho wanabaki wakitazamana. Ni heri kijiji kikubaliane mapema kama mtambo utauza stima yake kwenye gridi au utabaki wa kusaga mahindi.

Tano, na ndilo kubwa kuliko yote, ni watu kama mimi. Wati 1,500 zinatosha nyumba 60 zikipatana. Zisipopatana, hata wati 15,000 hazitatosha. Mwenye duka ataleta friji, mwingine ataleta heta, na kila mmoja atasema yeye ni mmoja tu.

HUKUMU YANGU

Jumatano alasiri kamati ilikutana chini ya mparachichi. Nyanya alikaa mbele, kitenge mabegani, kama mshtakiwa, na mimi nyuma yake. Mwenyekiti alisoma sheria. Faini shilingi 500, na nyumba kukatiwa stima siku saba. Nilitaka ardhi ipasuke nimezwe. Nyanya hakujitetea. Alifungua fundo la leso, akahesabu noti, akaziweka mezani. Zilikuwa pesa zake za kahawa.

Hapo nikainua mkono.

"Mtoto wa shule anataka kutufundisha?" mzee mmoja akauliza, na watu wakacheka.

"Mwacheni aseme," akasema mama mweka hazina. "Ametulaza gizani, sasa tumsikie."

Nikaomba msamaha kwanza, maana muungwana akivuliwa nguo huchutama. Kisha nikasema, "Wazee wangu, usiku stima haitoshi. Lakini mchana nimeona ikichemsha maji ya bure kwenye pipa. Je, pasi haiwezi kutumika wakati huo?"

Wakamgeukia fundi. Fundi akasema ni kweli, mchana pasi moja inaweza, lakini mbili haziwezi. Palizuka mabishano makali. Watajuaje kwamba wawili hawajachomeka pasi saa moja? Nani atapita nyumba kwa nyumba akichungulia? Mwishowe mama mweka hazina ndiye aliyekata shauri. Pasi iwe moja ya kijiji, ikae kibandani kwa fundi, itumike Jumanne na Jumamosi kuanzia saa nne hadi saa tisa mchana, shilingi 10 kwa kila mtu, na pesa hizo zinunue vifaa vya kukatia stima vilivyoharibika. Wakakubaliana.

"Na pasi yenyewe itatoka wapi?" mzee yule akauliza.

Watu wote wakanitazama.

Basi hivyo ndivyo pasi ya mama ilivyobaki mlimani, na mpaka leo mama anaitaja kila Jumapili asubuhi. Faini haikupunguzwa hata senti, nazo siku saba za giza hazikupunguzwa. Nyanya alisema ameishi miaka mingi na koroboi, siku saba hazitamuua. Lakini kila jioni jua lilipokuchwa nilimwona akiunyosha mkono ukutani, akigusa swichi, kisha akikumbuka na kuurudisha. Hapo ndipo nilipojua thamani ya wati 25.

Mpenzi msomaji, ninapotia nanga ningependa ukumbuke jambo moja. Maji yapo, jua lipo, na mafundi wanaweza kupatikana. Lakini hakuna mtambo unaoweza kuwagawia watu walioshindwa kugawana. Haba na haba hujaza kibaba, na mkono mmoja wenye pupa hukimwaga. Ukitembelea kijiji chenye stima yake ndogo, kabla ya kuchomeka chochote, geuza kwanza usome maandishi yaliyo chini yake. Ukiona wati 1,000, iache kwenye mkoba, uombe makaa.